Zigzag kwa Kijaluo ni Nini?

Ninyi mliozaliwa na simu mkononi hamwezi kujua jinsi neno moja linavyoweza kumtoa mtu jasho. Mkikwama, mnabonyeza, mnaambiwa. Mimi nilianza kazi ya ukalimani kortini miaka ya sitini, na kitu cha pekee nilichokuwa nacho cha kubonyeza kilikuwa kichwa changu. Siku zingine kilikataa kuwaka.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hakimu anaongea Kiingereza. Mshtakiwa anaongea Kijaluo, ama Kikuria akiwa ametoka upande wa Migori, ama Kiswahili cha kuokotwa sokoni. Mkalimani anasimama katikati yao, haketi, tangu asubuhi mpaka miguu ivimbe. Korti yetu ilikuwa ya kuzunguka. Wiki hii mji huu, wiki ijayo ule, mara nyingi katika ukumbi wa kuazima, na kabla ya kesi ya kwanza kuitwa mimi na askari tulikuwa tunabeba meza ya hakimu kutoka stoo.

Kuna mambo ya kazi hii ambayo hamtayasoma mahali popote. Usinywe chai nyingi asubuhi, maana hakuna hakimu atakayesimamisha kesi ya mauaji kwa sababu ya kibofu chako. Usimtazame shahidi tu, tazama na kalamu ya hakimu. Kalamu ikikimbia, nyamaza. Ikisimama, endelea. Tena usiseme "huyu anasema ameiba." Sema "nimeiba," kama vile ni wewe. Hiyo ndiyo sheria. Sheria hiyo ilinitia matatani mwezi wangu wa kwanza, nilipotafsiri maneno ya mwizi wa ng'ombe kwa sauti kubwa: "Ndiyo, nilivunja boma, nikatoa fahali wawili." Mzee mmoja wa kwetu alikuwa amekaa nyuma akingojea kesi yake ya shamba. Alitoka mbio. Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta baba amekaa nje na wazee watatu, hawaongei, na mama yangu analia jikoni. Ilinichukua muda mrefu kuwaeleza kwamba fahali hawakuwa wangu na kosa halikuwa langu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Ramadhani. Alikuwa amekulia Kisumu, kofia yake nyeupe haikuwahi kuwa na doa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu. Siku ya kwanza aliniambia, "Kijana, neno usilolijua, sema hulijui. Korti itangoja. Ukilibahatisha, hutaweza tena kulirudisha." Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, nilikuwa na cheti, na nilikuwa na suruali mbili za kupigwa pasi. Sikuwa na mpango wa kusimama mbele ya watu na kusema kuna kitu sikijui.

Basi ikaja kesi ya lori.

Dereva aliitwa Joram Owuor, mtu mwembamba wa umri wa miaka thelathini hivi. Alikuwa akiendesha lori la mfanyabiashara mmoja, akibeba samaki wakavu na akina mama wenye samaki hao kutoka Sindo hadi masoko ya bara. Siku moja ya Alhamisi, baada ya mvua kubwa, lori lile lilianguka mtaroni kabla ya kufika Rangwe. Hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja, Peres Akoth, aliyekuwa amekaa juu ya magunia, alirushwa chini akavunjika mkono wa kulia. Joram akashtakiwa kwa kuendesha gari kwa hatari akiwa amelewa. Akipatikana na hatia, ni jela, na leseni imekwenda. Alikuwa na mke na watoto wanne. Wote walikuja kortini na wakakaa mstari wa mbele, wamevaa nguo za kanisani.

Shahidi wa kwanza alikuwa askari kijana ambaye alisimama kando ya barabara siku ile akaliona lori likija. Alitoa kijitabu chake akasoma kwa Kiingereza, kila neno likitoka kama amelipiga rangi ya viatu. Alisema aliliona lori likienda "zigzag".

Neno hilo sikuwa nimelisikia maishani mwangu.

Nilitazama kalamu ya hakimu. Ilikuwa imesimama. Hakimu wetu alikuwa Mzungu mrefu aliyebaki baada ya Uhuru, mtu wa haki lakini asiyependa kungoja. Joram alikuwa ananitazama kutoka kizimbani, akingoja kujua amesemwa nini. Ukumbi mzima ulikuwa unangoja kinywa changu. Nikawaza haraka haraka: kesi ni ya ulevi, gari lilianguka, kwa hiyo zigzag ni namna ya kutembea kwa mlevi. Nikamgeukia Joram nikamwambia kwa Kijaluo, "Niliona lori likipepesuka kama mlevi."

"Uongo!" Joram akapiga kelele.

Nikatafsiri "uongo." Hilo nilikuwa nalijua.

Baadaye akaitwa Mama Peres. Alipanda kizimba cha mashahidi mkono umefungwa kwenye kanga shingoni, akaapa, akanitazama. Mimi ndiye mtu wa pekee pale mbele ambaye maneno yake angeyaelewa. Mwendesha mashtaka alikuwa ametulia kabisa. Mama amevunjwa mkono, angesema nini ila kummaliza dereva?

Akamwuliza, "Je, lori lilikuwa likienda zigzag?"

Nikamwuliza mama kwa Kijaluo, "Je, lori lilikuwa likipepesuka kama mlevi?"

"La," mama akasema. "Halikupepesuka."

Nikasema kwa Kiingereza kwamba lori halikwenda zigzag. Kalamu ikakimbia. Mwendesha mashtaka akakunja uso.

"Basi lilikwendaje?"

Mama akainua mkono wake mzima akaanza kukata hewa. "Lilikata huku. Likakata kule. Likakata huku tena, ghafla, kona kali kali. Barabara ilikuwa imejaa mashimo."

Niliutazama ule mkono ukikata hewa, huku na kule, huku na kule, na nyaya mbili zikagusana kichwani mwangu. Bila kufikiri nikamwambia hakimu, "Lilikuwa likienda zigzag, Bwana. Barabara ilikuwa na mashimo."

Kalamu ikawekwa chini.

"Mama," hakimu akasema polepole, "dakika moja iliyopita umesema halikwenda zigzag. Sasa unasema lilikwenda zigzag. Lipi ni la kweli?"

Sasa fikirini hali yangu. Ilibidi nimtafsirie mama swali hilo. Nikamwambia, "Kwanza umesema halikupepesuka, sasa unasema lilipepesuka."

"Nimesema lini?" mama akaniuliza mimi, si hakimu. "Wuoda, mimi nimesema lilipepesuka?"

Wuoda ni mwanangu. Aliniita mwanangu mbele ya watu wote, na mimi nikageuka kwa hakimu nikasema, "Sikusema hivyo."

"Lakini imeandikwa!" mwendesha mashtaka akadakia.

Kuanzia hapo sikumbuki vizuri. Maswali yalikuja, nikayapeleka, majibu yakaja, nikayarudisha, na kila nilichopeleka kilifika kikiwa kitu kingine. Mama alikuwa anasema jambo moja tangu mwanzo. Kwa Kiingereza alionekana anageuka kila mara kama kinyonga. Mwishowe hakimu akaahirisha kesi kwa wiki moja na akamwonya mama kwamba akirudi na maneno ya kubadilikabadilika atashtakiwa yeye kwa kuidanganya korti. Onyo hilo pia nililitafsiri mimi. Hilo nililitafsiri vizuri.

Mama Peres alinikuta nje nikifungua baiskeli yangu.

"Wuoda, yule Mzungu ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ulichosema, mama."

"Hapana. Mimi nilikuwa nautazama uso wake. Nilisema kitu kidogo, yeye akakasirika sana. Mimi ni mama wa kanisa. Sijawahi kuitwa mwongo. Wewe ulimwambia nini?"

Nilipanda baiskeli nikaondoka, na mpaka leo naona aibu kwamba hata sikumuaga.

Wiki ile nilizunguka na neno zigzag kama mtu anayetafuta mwenye ng'ombe aliyepotea. Nilianza kwa mwalimu wangu wa zamani. Alichukua chaki akachora ubaoni mstari wa kwenda juu, chini, juu, chini, wenye pembe kali kama meno ya msumeno. "Hiyo," akasema. Nikamwuliza kama ni ya ulevi. Akanitazama juu ya miwani. "Ulevi wa nani?"

Nikaenda kwa fundi wa cherehani, kwa kuwa niliambiwa hata yeye analo. "Zigizaga?" akasema. "Huo ni mshono. Mashine yangu haina, lakini nimeuona. Ni mshono imara sana, haufumuki." Sasa ikawa zigzag ni uimara. Nikamwuliza kijana mmoja aliyecheza mpira kama winga wa kulia. Akafurahi. "Hiyo ndiyo yangu! Mabeki wanabaki wamelala!" Sasa ikawa zigzag ni ustadi. Dereva mwingine wa lori akaniambia, "Omera, ndugu yangu, barabara zetu hizi, asiyejua zigzag ataua watu." Na askari mwenyewe, yule wa kijitabu, nilipomwuliza alimaanisha nini, alijikuna kichwa akasema, "Si ni vile gari linaenda vibaya?"

Nilichanganyikiwa kabisa. Neno moja lilikuwa sifa kwa mchezaji, tusi kwa dereva, na kwa fundi lilikuwa uzi tu. Halikusema kwa nini kitu kinakata kona. Lilisema kinakata, basi. Yule mlevi nilimleta mimi.

Nikaenda kwa Mzee Ramadhani nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake, jambo ambalo hakuwa analifanya mbele yetu.

"Kiswahili chake ni upogoupogo," akasema.

"Kuna mtu Rangwe anayelijua neno hilo, mzee?"

Akafikiri. "Hakuna."

"Na kwa Kijaluo?"

"Hiyo ni lugha yako, si yangu." Kisha akasema, "Unajua itakubidi kufanya nini."

Nilijua. Mkalimani aliyekiri kwamba amepotosha ushahidi angeweza kufukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na mimi nilikuwa nimeoa mwaka ule. Nilimweleza mke wangu. Akaniuliza, "Yule mama atafungwa?" Nikasema inawezekana. Hakuniuliza lingine. Asubuhi ya kesi nilikuta ameipiga pasi ile suruali nzuri.

Kesi ilipoitwa, Mama Peres alipanda kizimbani midomo imekauka. Kabla mwendesha mashtaka hajasimama, mimi nikainua mkono. Mkalimani hainui mkono. Mkalimani hana sauti yake pale ndani, ana za watu wengine tu. Hakimu alinitazama kama vile meza ndiyo iliyokohoa.

"Bwana," nikasema, "mkalimani anaomba kusema kwa niaba yake mwenyewe."

"Mkalimani ana ushahidi?"

"Ana kosa."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba sikulijua lile neno, nikalibahatisha, nikamwuliza mama kitu ambacho korti haikumwuliza. Nilimwambia mama hakubadilisha neno hata moja. Nilipomaliza nikarudia yote kwa Kijaluo, ili mama na Joram wasikie. Nyuma ukumbini mtu mmoja akapiga mluzi mdogo wa mshangao.

Hakimu akauliza, "Na neno la sawasawa kwa lugha yenu ni lipi?"

"Sijui, Bwana. Ninayo mengi. Kila moja linavuta upande wake."

Nilidhani atanifukuza hapo hapo. Badala yake alisema, "Basi tusitumie neno. Mwambie achore."

Askari akatumwa shule ya jirani kuleta chaki. Mama Peres akateremka, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umefungwa alichora kwa wa kushoto, polepole, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Akachora barabara. Kisha akachora mashimo. Barabara ile aliipita kila wiki na mashimo yake alikuwa anayajua kwa majina: la mbele ya kanisa, la penye kalvati lililozama, la nyumbani kwa mjane. Kisha akauchora mwendo wa lori ukikata kushoto kwa shimo hili, kulia kwa lile, kushoto tena. Pembe kali, kama zile za mwalimu ubaoni. Hakimu alishuka kutoka mezani kwake akachuchumaa kando yake. Mwendesha mashtaka naye akachuchumaa. Joram kizimbani alikuwa ameinama mbele mpaka askari akamshika bega.

"Dereva alikuwa amelewa?" mwendesha mashtaka akauliza. "Ulisikia harufu ya pombe?"

Nikatafsiri, kila neno mahali pake.

"Mwambie," mama akajibu bila kuinua kichwa, "mimi nilikuwa nimekalia magunia manne ya samaki. Ningenusa nini kingine?"

Ukumbi ukacheka, hata hakimu. Kisha akaonyesha kwa kidole mahali pa mwisho pa mchoro, ambapo chaki ilikatika kabla ya mtaro.

"Na hapa? Lilipoanguka? Kulikuwa na shimo?"

Mama akaangalia mchoro wake kwa muda.

"Hapa nilikuwa nimefumba macho," akasema. "Nilikuwa naomba."

Hakimu akarudi mezani akaandika kwa muda mrefu. Alisema korti haiwezi kumfunga mtu kwa kona alizokata kukwepa mashimo, na kuhusu kona ya mwisho hakuna shahidi hata mmoja aliyeiona vizuri. Joram akaachiliwa. Mke wake alilia kwa sauti. Mama Peres aliinuka akapangusa magoti, akapita karibu nami akasema tu, "Leo umenisema kama nilivyosema." Mimi nilipewa barua ya onyo na miezi miwili ya kupanga mafaili. Baadaye nikarudishwa kusimama. Tangu siku hiyo, kila nilipokutana na neno geni niliinua mkono, na mahakimu wengi walinichoka kwa ajili hiyo, lakini hakuna aliyenifukuza.

Ningeweza kuishia hapo nanyi mngedhani mzee huyu ana somo la kuwapa. Lakini yapo mengine.

Ilipita kama nusu mwaka. Nilikuwa sokoni Rangwe siku ya soko, baiskeli yangu imepasuka tairi, nikaelekezwa kwa fundi. Fundi alikuwa Joram Owuor. Amekaa kwenye kigoda, mikono imejaa grisi, beseni la maji mbele yake la kutafutia tundu.

"Karani!" akasema, kama tulivyoitwa watu wote wa korti. Akasimama kunisalimia, akanipa kiwiko kwa sababu ya ile grisi.

Nikamwuliza kama tajiri wake alimfukuza.

"Hakunifukuza. Niliacha usukani mwenyewe."

Alitoa tyubu, akaipuliza, akaizamisha majini. Mapovu yakatoka. Akaweka kidole pale penye tundu na hakukiondoa.

"Siku ile nilikuwa nimekunywa," akasema. Hakunitazama. "Busaa, kule Sindo, asubuhi, nikingoja mizigo. Si nyingi. Sijui kama ni nyingi. Mashimo yalikuwepo, karani, kila moja alilolichora yule mama, lilikuwepo. Lakini nilipokuwa naendesha, kona zingine nilizikata mimi na zingine sijui nani alizikata. Ulipomwambia Mzungu yale maneno, na mama akaanza kuchora, mimi sikuwa naogopa jela tena. Nilikuwa nataka kuona. Nilisema moyoni, sasa nitajua. Alipofika mwisho akasema alifumba macho."

Sokoni watu walikuwa wanapita na kuku na mahindi. Nilijivunia kesi ile. Nilikuwa nimeweka kazi yangu hatarini kwa ajili yake, ukweli ukapita mikononi mwangu ukiwa mzima. Sasa sikujua nilipitisha nini. Kama ningeliacha lile neno langu la ulevi likae, huenda lingekuwa kweli, lakini limepatikana kwa uongo, na mama wa watu angeitwa mwongo kwa kusema alichokiona.

"Mama Peres anajua?" nikauliza.

"Nilimwambia. Mimi humpelekea kuni, mkono wake haukupona vizuri. Alinyamaza siku hiyo nzima. Wiki iliyofuata akasema nilete tena kuni."

Aliibandika tyubu, akairudisha, akapiga pampu. Nilimwuliza kama anataka nimwendee hakimu, nimweleze.

Joram akalizungusha gurudumu, akalisikiliza kama linapiga kelele, kisha akaninyooshea baiskeli.

"Utamweleza, karani?" akasema. "Kwa neno gani?"

Nilishika usukani wa baiskeli nikasimama pale muda mrefu, nikitafuta neno la kona ambazo hata dereva mwenyewe hajui kama ni za mashimo au za busaa. Kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa lugha ya mama yangu. Wateja wawili walikuja wakahudumiwa, nami bado nimesimama.